Samaki Aliyekufa Akiwa Ameshiba

Sokoni Babati, kambale akipasuliwa tumbo, mara nyingi hukutwa na mwenziwe ndani. Mchuuzi hashangai. Kwa ncha ya kisu anamtoa perege mdogo, magamba bado yamemshika, macho yameshaingia ukungu, nyama ya tumboni imeanza kulainika. Anamtupia paka anayesubiri chini ya meza, kisha anarudi kwenye kazi yake. Mteja naye hashangai. Akiwa ananunua kwa kilo atataka tu yule mdogo atoke kabla kambale hajapanda mizani, maana hakuja kulipia mlo wa samaki.

Wafugaji wa samaki wameigeuza tabia hiyo kuwa mtaji. Perege akiachwa peke yake bwawani huzaana mpaka maji yanajaa vijisamaki vya ukubwa wa kidole ambavyo havikui tena. Wakitiwa kambale wachache, watoto wanapungua na waliobaki wananenepa. Kambale hatafuni. Anafungua kinywa, maji yanaingia na kitoweo ndani yake, basi. Mwenye kinywa kikubwa ndiye mwenye ziwa.

Sasa tumchukue mlaji mwingine wa mtindo huohuo, ila tumpe urefu wa mita 4 na zaidi na tumweke baharini, miaka milioni 85 hivi iliyopita.

Mwaka 1952, katika Gove County, jimbo la Kansas huko Marekani, George F. Sternberg alifukua mifupa ya samaki kutoka kwenye mwamba wa chaki. Sternberg hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Baba yake, Charles, aliishi kwa kuchimba visukuku na kuviuza kwa majumba ya makumbusho, na wanawe walikua na sururu na brashi mikononi. Lakini hata kwa familia ile, kilichojitokeza safari hii kilikuwa cha aina yake. Ndani ya mbavu za samaki mkubwa alilala samaki mwingine mzima, mwenye urefu wa karibu mita 1.8, kichwa kikielekea mkiani kwa mlaji, jinsi kilivyotangulia kuingia. Uti wa mgongo wa mlaji umepita juu, uti wa mgongo wa mliwa umepita chini yake, na mbavu za wa kwanza zimemzingira wa pili pande zote. Mifupa ya aliyemezwa haikuwa imeguswa na tindikali ya tumbo. Maana yake ni kwamba aliyemeza hakupata hata muda wa kuanza kumeng'enya.

Mkubwa anaitwa kitaalamu Xiphactinus audax. Mdogo ni Gillicus arcuatus, ndugu yake wa ukoo mmoja, kwa hiyo huu ulikuwa pia ugomvi wa kifamilia. Wote wawili wako leo katika makumbusho ya Sternberg mjini Hays, Kansas, na picha yao ni miongoni mwa picha za visukuku zinazojulikana sana duniani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba Gillicus alipigania roho yake akiwa tayari yuko ndani, akapasua au akaziba kitu ambacho mlaji hakuweza kuishi bila hicho. Mita 1.8 ni urefu wa mwanamume mrefu. Kumeza kitu cha ukubwa huo kikiwa hai kinarusha mkia ni kazi ya hatari, na Xiphactinus aliifanya mara kwa mara, kwa sababu huyo wa mwaka 1952 si pekee aliyepatikana na mlo wake tumboni.

Umbo lake linaeleza mengi. Taya la chini lilitokeza mbele na kupinda juu, hivyo kinywa kilifunguka kuelekea angani, kinywa cha samaki anayemfuata windo kutoka chini. Meno yalikuwa marefu, yenye ncha, na hayakulingana: moja refu, jingine fupi, jingine limeinama. Meno ya namna hiyo hayakati wala hayasagi. Kazi yake ni kushika tu, ili kilichoingia kisirudi. Mwili ulikuwa mrefu na wenye misuli, na mkia ulikuwa wa panda yenye ncha mbili ndefu, mkia wa samaki wa mwendo kasi, wa aina tunayoiona leo kwa nguru na jodari. Wakubwa kabisa walifika mita 5 hivi.

Aliyempa jina ni Joseph Leidy wa Philadelphia, mwaka 1870, akiwa na kipande tu cha mwale wa pezi. Muda mfupi baadaye Edward Drinker Cope, aliyekuwa na mifupa mingi zaidi na subira ndogo zaidi, akamwita Portheus. Jina la Cope lilitumika vitabuni kwa miaka mingi, lakini katika sayansi ya viumbe aliyetangulia kubatiza ndiye mwenye haki, na Leidy akashinda kwa kipande chake.

Bahari aliyoishi ilikata Amerika Kaskazini vipande viwili, kutoka Aktiki hadi Ghuba ya Mexico. Haikuwa na kina cha kutisha. Dunia ya Kretasia, kipindi kilichoanza miaka milioni 145 iliyopita na kuisha miaka milioni 66 iliyopita, ilikuwa na joto kali na bahari zilizopanda juu ya nchi kavu. Katika maji yale Xiphactinus alikuwa mbabe, lakini hakuwa mfalme. Papa aitwaye Cretoxyrhina, mwenye urefu wa mita 6 hivi, alimng'ata na kuacha alama mifupani. Juu ya wote walikuwepo mosasauri, jamii ya mijusi iliyorudi majini. Mmoja wao, Tylosaurus, alifikia mita 12. Mwindaji wetu alikuwa akiogelea huku akitazama nyuma.

Jambo linalonivutia zaidi kwa samaki huyu ni sakafu aliyoangukia kuliko hata ukubwa wake. Chini ya bahari ya Kansas palikuwa na tope laini la chaki, yaani maganda ya viumbe wadogo kupita kiasi wanaoelea juu ya maji na kunyesha chini wanapokufa, mwaka baada ya mwaka. Maji ya chini kabisa yalikuwa na oksijeni haba, kwa hiyo kaa na minyoo wa kuutafuna mzoga hawakuwa wengi. Samaki akazama na mlo wake, tope likamfunika kabla mifupa haijatawanyika. Angefia kwenye mwamba wenye mawimbi tusingekuwa na habari zake. Tunamjua kwa uroho wake, kweli, lakini zaidi tunamjua kwa sababu aliangukia mahali ambapo vitu hutulia.

Hapo ndipo Babati inapoingia.

Mtoto wa shule akiuliza kama samaki huyo anaweza kuchimbwa Babati, jibu ni hapana, na sababu yake ni nzuri kuliko jibu lenyewe. Tazama miamba ya hapa. Pale barabara ilipokata kilima, au pale korongo lilipochimba chini baada ya masika, utaona jiwe gumu lenye mistari ya rangi nyeupe na nyeusi, lililopikwa na kukunjwa chini sana ya ardhi. Jiwe hilo lina umri unaozidi miaka milioni 500. Kisha inua macho uone mlima Kwaraa juu ya mji, na ukienda upande wa Katesh, Hanang wenye mita 3,417. Hiyo ni milima ya volkano, na kwa kipimo cha jiolojia ni michanga, haina zaidi ya miaka milioni michache. Kati ya jiwe la chini na lava ya juu kuna pengo la mamia ya mamilioni ya miaka, na Kretasia yote, pamoja na bahari zake na dinosauri wake, imetumbukia humo.

Pengo hilo lina maana kwamba huku kulikuwa nchi kavu iliyoinuka. Bonde la Ufa halikuwepo bado, Ziwa Babati halikuwepo, Ziwa Manyara halikuwepo. Palikuwa na uwanda wa bara ambao mvua iliukwangua polepole kwa mamilioni ya miaka. Nchi ya juu haihifadhi kitu. Kiumbe akifia mlimani, jua linampasua, fisi wa zama zake anambeba, mvua inasomba kilichobaki. Udongo aliosimama juu yake nao unaondoka. Kwa hiyo si kwamba Babati haikuwa na Kretasia yake. Ilikuwa nayo, ikasombwa.

Namna ya kusombwa kwenyewe wakazi wa Manyara hawahitaji kufundishwa. Kila masika makorongo yanashuka mekundu na kumwaga udongo ziwani. Na mwanzoni mwa Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima Hanang na kuingia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Kwa waliozika ndugu zao, jiolojia ni neno la mbali na lisilofariji. Nataja msiba huo kwa sababu kitabu kinachozungumzia mmomonyoko kana kwamba ni jambo la polepole tu kinadanganya. Mlima hushuka punje kwa punje kwa karne nyingi, halafu siku moja unashuka wote kwa saa chache.

Udongo wa Kretasia ulikwenda wapi? Mito iliyotoka bara iliupeleka mashariki, pwani na baharini, ambako ulilundikana tabaka juu ya tabaka katika nchi ya leo ya Kilwa, Lindi na Mtwara na chini ya maji mbele yake. Mchanga ule ukawa mwamba. Mwaka 1974 watafutaji wa mafuta walitoboa kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, wakakuta gesi asilia imejikusanya katika mchanga wa Kretasia ya mwanzo. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo inapita bombani hadi Dar es Salaam na kuzalisha umeme unaoingia gridi ya Taifa, na Babati iko kwenye gridi hiyo. Punje ya mchanga haina kitambulisho cha kuonyesha ilikotoka, lakini ni mashapo yaliyoshushwa kutoka bara, na kwa njia hiyo kitu fulani cha Kretasia kinarudi huku juu kila mtu anapobonyeza swichi. Tanesco hawaiandiki kwenye bili.

Matope ya Kilwa yametoa kitu kingine pia. Kuanzia mwaka 2002 wanasayansi kutoka Uingereza, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walitoboa visima vya utafiti Kilwa na Lindi. Walichotafuta hakikuwa gesi. Walitaka maganda ya foraminifera, viumbe vya seli moja ambavyo ganda lake hubeba kumbukumbu ya joto la maji vilimoishi. Sehemu nyingi duniani maganda hayo yameharibika, yamejaa chokaa mpya. Ya Tanzania yamefungwa ndani ya udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, na baadhi yako angavu utadhani ni vioo. Yalipopimwa, yale ya miaka milioni 90 hivi iliyopita yalionyesha bahari yenye joto la zaidi ya nyuzi 30 kwenye uso wake, bila dalili ya barafu kubwa kokote duniani. Ni bahari ya enzi za Xiphactinus na jamaa zake, na habari zake zimesomwa kwenye tope lililoshuka kutoka huku juu.

Mahali pengine bara palipobaki na kumbukumbu za Kretasia ni Bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa nchi. Kule ardhi ilikuwa inadidimia wakati huohuo Babati ilipokuwa inakwanguliwa, na kilichosombwa kutoka pembeni kiliishia humo. Ndiyo maana Rukwa imetoa Pakasuchus, mamba mdogo mwenye meno ya aina mbalimbali, aliyetangazwa mwaka 2010 na kupewa jina la pili la marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Imetoa pia dinosauri wenye shingo ndefu, Rukwatitan na Shingopana. Wote hao walikuwa wa nchi kavu. Wageni wanaokwenda Berlin kuona mifupa mikubwa ya Tendaguru, iliyochukuliwa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913, nao wanaangalia mabaki ya mahali pa chini karibu na bahari, ya kipindi cha kabla kidogo ya Kretasia.

Lakini kwa msomaji wa Babati anayetaka samaki, hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Barabara ya Singida inatosha.

Magharibi ya mji wa Singida kuna mahali paitwapo Mahenge (si ile ya Morogoro). Miaka milioni 46 iliyopita, yaani miaka milioni 20 baada ya Kretasia kufungwa, gesi na mwamba ulioyeyuka kutoka kina kirefu vililipuka hapo na kuacha shimo. Mwamba wenyewe ni kimbalaiti, ule unaobeba almasi Mwadui, na ndiyo sababu mabomba ya mwamba huo ya Singida yalichunguzwa kwa bidii katika miaka ya 1950 na 1960. Shimo lilijaa maji likawa ziwa dogo, lenye kina kirefu, lisilopata upepo wa kutosha kulikoroga. Chini oksijeni ikaisha. Tope la chini likajipanga kwa kurasa nyembamba, na kila kilichozama kikalala baina ya ukurasa na ukurasa.

Ukipasua jiwe la Mahenge kwa patasi kwenye mstari wake, linafunguka vipande viwili, na samaki anabaki upande mmoja huku nakala yake ikibaki upande wa pili. Wengi ni wadogo, wa sentimita chache. Mwaka 1960 P. H. Greenwood wa Makumbusho ya Uingereza alieleza mmoja wao na kumwita Palaeodenticeps tanganikae. Mwaka 1967, akiwa na Colin Patterson, alieleza mwingine mwenye jina linalofurahisha kulisoma ukiwa umesimama stendi ya Singida: Singida jacksonoides, wa jamii yenye ndimi za mfupa, ambayo bado ina wawakilishi Afrika na Amerika Kusini. Baadaye akatambuliwa chura, Singidella, na mwaka 2003 popo, Tanzanycteris.

Kubwa kuliko yote kwa mlaji wa perege lilikuja mwaka 2000, Alison Murray alipoeleza jenasi aliyoiita Mahengechromis. Hawa ni sikilidi, jamii ya perege, sato na mamia ya aina za furu wa Ziwa Victoria, na ni miongoni mwa visukuku vikongwe kabisa vya jamii hiyo duniani. Wapo wanaosema sikilidi walianza zamani zaidi, kwenye Kretasia, wakati Afrika, Madagaska na Amerika Kusini zilipokuwa bado zimekaribiana. Wengine wanasema umri wa Mahenge hauko mbali na mwanzo wenyewe, na kwamba babu zao walivuka maji ya chumvi. Mimi naegemea upande wa pili. Hoja ya kwanza inadai makumi ya mamilioni ya miaka ya sikilidi wasioacha hata mfupa mmoja, nayo ni deni kubwa kulikopa. Ila, kama tutakavyoona punde, kuna samaki aliyewahi kukopa deni hilohilo na akalilipa.

Na upande wa pili wa Babati, kwenye barabara ya Arusha, iko Minjingu. Kila mkulima wa mahindi Tanzania amesikia jina hilo, kwa kuwa limeandikwa kwenye mfuko wa mbolea. Wachache wanajua mfuko una nini. Ziwa Manyara liliwahi kuwa kubwa zaidi na kupanda juu zaidi ya leo, na kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa ndani yake. Kwenye kisiwa hicho waliishi mnandi kwa makundi, ndege weusi wa kupiga mbizi ambao kazi yao ni kuvua tangu asubuhi. Walikula samaki, wakanya, wakazaa, wakafa, na yote yakamwagika kwenye maji ya kina kifupi pembeni mwa kisiwa. Jiwe la Minjingu ukiliangalia kwa karibu si la kupendeza: ni la rangi ya kijivu inayoelekea hudhurungi, linavunjika kwa urahisi, na ndani yake kuna vijiti vya mifupa vimejaa. Mifupa hiyo ni ya ndege hasa. Mnandi wa zamani wa hapo alipewa jina lake la kisayansi mwaka 1991, Phalacrocorax kuehneanus. Iko pia mifupa ya samaki, na baadhi imevimba na kunenepa isivyo kawaida, jambo ambalo wachunguzi waliliunganisha na maisha magumu ndani ya maji ya magadi.

Mfupa ni fosfati ya kalsiamu. Hiyo ndiyo siri yake ya kudumu, na ndiyo sababu Xiphactinus wa Kansas bado ana mbavu za kuhesabu. Minjingu tumeamua kuusaga mfupa huo na kuurudisha shambani. Samaki aliingia kwa mnandi, mnandi akaingia kilimani, kilima kinaingia kwenye mhindi wa Magugu na Galapo, na ugali unaingia tunakokujua. Sioni ubaya wowote, ilimradi kabla ya kusaga mtu atenge mawe machache yenye mifupa mizuri.

Turudi kwenye mwisho wa Kretasia. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kutoka angani lilipiga eneo la Yucatán, Mexico, na pamoja na dinosauri na mosasauri ukatoweka ukoo wote wa Xiphactinus. Katika orodha ya waliopotea wanasayansi waliandika pia silikanti. Bahari ya Kansas ilikuwa nao: Megalocoelacanthus, silikanti mkubwa, aliogelea katika maji yaleyale ya chaki. Silikanti walikuwa wameishi tangu zama ambazo hata dinosauri hawakuwepo. Kisha miamba inanyamaza juu yao, na hitimisho lilionekana wazi: wamekwisha.

Tarehe 22 Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa East London, Afrika Kusini, alimkuta mmoja kwenye shehena ya meli ya uvuvi, wa mita moja na nusu, wa rangi ya buluu. Alimpelekea mtaalamu wa samaki J. L. B. Smith mchoro. Lakini matumbo yalikuwa yameshatupwa, na Smith akatumia miaka 14 kutafuta wa pili.

Utafutaji huo ulipita Unguja. Mwaka 1952, mwaka uleule Sternberg alipokuwa akifukua kwenye chaki, Smith na mkewe Margaret walikuwa wakikusanya samaki kwenye pwani yetu, na Unguja wakakutana na nahodha Eric Hunt, Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara kwa jahazi lake kati ya Zanzibar na Komoro. Walimpa vipeperushi vyenye picha ya silikanti na ahadi ya pauni 100. Hunt akavisambaza visiwani. Desemba mwaka huo mvuvi wa Anjouan, Ahamadi Abdallah, alivua kwa mshipi samaki ambaye wenyeji walimjua siku zote kwa jina la gombessa, tena hawakumthamini sana kwa kuliwa. Mwalimu wa shule akamlinganisha na kipeperushi, na samaki akabebwa kwa miguu kuvuka milima ya kisiwa hadi kwa Hunt. Smith alimwomba waziri mkuu D. F. Malan ndege ya jeshi, akapewa, na alipomfikia samaki alilia mbele za watu.

Tanzania ilisubiri zaidi. Mwaka 2003 silikanti akanaswa upande wa Kilwa, karibu na Songo Mnara. Halafu Tanga wakaanza kutoka kwa makumi, katika majarife ya papa ambayo wavuvi walikuwa wameyashusha kina kirefu kuliko zamani kwa sababu papa wa juu walikuwa wamepungua. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, ikifuata pwani kwa kama kilomita 100.

Kwa nini miamba ilinyamaza? Silikanti wa leo anashinda mchana kwenye mapango ya kuta za chini ya bahari, kina cha mita 100 hadi 300, mahali pa mwinuko mkali ambapo tope halitulii. Akifa, anatawanyika. Kwa miaka milioni 66 ameishi na kuzaa mahali pasipotunza mifupa. Silikanti wa Tanga humeza windo zima, anabeba mimba kwa muda ambao utafiti wa mwaka 2021 uliukadiria kuwa miaka mitano hivi, na anaweza kuishi karibu miaka 100. Samaki wa mwendo huo hawezi kustahimili jarife. Kazi ya hifadhi ni kuyaondoa majarife kwenye kina hicho, na ugumu wake ni kwamba mvuvi wa Tanga hakuwa akimtafuta silikanti hata siku moja. Alikuwa akimtafuta papa, na papa bado ana bei.